Makande kwa wote, kambi ya darasa la saba au shule shikizi: kijiji kianze na lipi?

Kila mwaka baada ya mavuno, wazazi wa vijiji vya Dodoma huitwa shuleni. Mkutano unakaa chini ya mbuyu. Viti vya ofisini wanapewa wageni, wengine tunakaa kwenye madawati na mawe. Swali huwa lilelile: mwaka huu nguvu zetu tuzipeleke wapi? Mmoja anataka watoto wapikiwe makande mchana. Mwingine anataka darasa la saba waweke kambi wafaulu. Kisha anasimama mama wa kitongoji cha ng'ambo ya korongo na kusema kwamba kwake yote mawili hayana faida, maana mvua ikinyesha mwanawe hafiki shuleni kabisa; yeye anataka shule shikizi, madarasa machache ya watoto wadogo kulekule kitongojini.

Wote watatu wanasema kweli. Nimekaa kwenye kamati ya shule miaka minane, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, na nimeona mkutano wa namna hii ukivunjika kwa hasira kwa sababu kila upande uliamini upande wa pili hauwapendi watoto. Si kweli. Kila mmoja ana mtoto wake anayemwona akilini. Wa makande anamwona mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni. Wa kambi anamwona mtoto mwenye akili ambaye akikosa nafasi hii hatapata nyingine. Na yule mama anamwona mtoto ambaye jina lake bado halijaandikwa kwenye daftari lolote. Ulinganisho huu nimewaandikia wajumbe wa kamati, wenyeviti wa vitongoji na wazazi wenye nguvu ya jambo moja na mahitaji matatu.

Taifa lenyewe limevutana hivihivi. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu ya msingi imfae yule mtoto asiyeendelea na sekondari, ambaye ndiye alikuwa wa kawaida, badala ya kuwa njia ya kuwachuja wachache. Mwaka 1974 huko Musoma, TANU ikaazimia watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Watoto walijaa, walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe kazi hukuhuku vijijini. Mpango huo uliitwa UPE, ufupisho wa Kiingereza wenye maana ya elimu ya msingi kwa wote. Wale walimu wa UPE walibeba nchi mabegani, ila watu waliugeuza ufupisho huo wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, na Januari 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Kila mlango ulipofunguliwa, watoto waliongezeka, na nyuma yao kikaja kilio cha ubora. Usawa, ubora na kujitegemea ni tunu tatu tunazozitaka zote kwa pamoja. Fedha na walimu ndio hawatoshi kwa zote mara moja.

Vipimo kabla ya miradi

Ushauri wangu ni kwamba mkubaliane vipimo kabla mtu hajataja mradi wake. Sisi tunatumia vinne. Nani anafaidika, na nani anabaki nje? Nani analipa, na analipaje? Walimu wanapata nafuu au wanaongezewa mzigo? Na mvua ikikata, mradi unasimama au unaanguka? Hiki cha nne hakikwepeki kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mradi unaotegemea mavuno mazuri kila mwaka Dodoma haujajengwa kwa ajili ya Dodoma.

Kuna sharti moja linalotawala yote: michango ni ya hiari, na mtoto hafukuzwi shule kwa sababu mzazi wake hajatoa. Anayekuja mkutanoni na mpango unaohitaji kufukuza watoto ili ufanikiwe arudishwe nyumbani na mpango wake.

Makande kwa wote

Anayefaidika ni kila mtoto aliyeko shuleni siku hiyo, na faida huonekana kwenye daftari la mahudhurio muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye matokeo. Kwetu kurasa za Januari na Februari huwa na utoro mwingi. Ghala za nyumbani zimekwisha, mazao bado yako shambani, mtoto anakwenda kupalilia kibarua au anabaki kulea mdogo wake. Sufuria likianza kuchemka shuleni, wengi wao hurudi. Anayebaki nje ni yule asiyefika kabisa.

Sasa gharama, maana hapa ndipo mikutano mingi hutaja tarakimu za kubuni. Mpe mtoto gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mahindi yanakuwa kilo 23 na ushei, yaani debe moja na kidogo juu yake, na maharage karibu kilo 6. Kwa shule ya watoto 600 hiyo ni kama gunia 140 za mahindi na gunia 35 za maharage. Kwa mzazi mmoja mwaka mzuri inabebeka. Kwa mwenye watoto wanne shuleni ni debe tano na mfuko wa maharage, na hapo mambo yanakuwa magumu. Msitegemee ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake ikienda kwenye vitabu. Ukizigawa kwa siku 194 ni kama shilingi 52 kwa siku, na chaki na karatasi za mitihani zinasubiri humohumo.

Kinachogombanisha watu kuliko kiasi ni haki. Mwaka wa pili wa makande yetu tuliandika orodha: mtoto ambaye mzazi wake ametoa alipewa tiki, ambaye mzazi wake hajatoa hakupewa. Orodha ile niliisaini, mimi na wenzangu. Hoja ilikuwa nzito. Mzee mmoja alikuwa ameleta debe lake kwa baiskeli kutoka mbali, akauliza kwa nini wajukuu zake wagawane sahani na watoto wa mtu aliyeuza mahindi yake yote mnadani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Wiki ileile nilipita shuleni saa saba mchana. Wenye tiki walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki. Wasio na tiki walikuwa wameambiwa wakae upande wa ukuta wa darasa la tatu. Kati yao palikuwa na binti wa darasa la kwanza aliyekuja na kikombe kutoka nyumbani. Hakusogea wala hakuomba. Alikuwa anafuta vumbi ndani ya kikombe kwa pindo la sketi, anakitazama, anafuta tena.

Jumatatu iliyofuata orodha ilifutwa. Madebe yalipungua kidogo, tukaziba pengo kwa njia nyingine: asiye na nafaka akaleta kuni, maji, au akatoa siku zake za kupika. Yule mzee alinuna msimu mzima, kisha akaendelea kuleta. Kwa hiyo mkichagua makande, amueni siku ya kwanza kwamba anakula kila aliyefika. Msipoamua mapema, orodha itajiandika yenyewe.

Kwa walimu, makande ni nafuu na mzigo. Kufundisha hesabu saa nane kwa watoto walioshiba ni kazi tofauti kabisa. Lakini mtu wa kupima nafaka, kufunga stoo na kuandika daftari lazima apatikane, na asipopatikana mzazi, kazi huangukia kwa mwalimu wa zamu. Stoo iwe na funguo mbili, moja kwa mwalimu, nyingine kwa mzazi.

Mwaka wa ukame ndio udhaifu wake mkubwa: siku chakula kinapohitajika zaidi ndipo mchango unapokauka. Zamani shule yetu ilipikiwa kwa chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na kilipokoma, masufuria yalikaa stoo miaka. Dawa ni akiba na shamba la shule. Shamba lipandwe mtama au uwele. Mahindi kwa mvua zetu ni kubahatisha. Na lilimwe na wazazi. Kujitegemea kwa mwaka 1967 kulikusudia mtoto ajifunze kwa kazi, hakukukusudia apelekwe kupalilia wakati wa kipindi cha kusoma.

Kambi ya darasa la saba

Kambi maana yake watoto wa darasa la mtihani wanalala shuleni miezi miwili au mitatu kabla ya mtihani wa Septemba, wanasoma asubuhi, jioni na usiku kwa taa ya sola. Wapo wanaoidharau kwa kusema ni ya wachache. Naomba wasikilize upande wa pili kwanza. Binti aliyeko nyumbani kwetu akitoka shule anachota maji, anasaga, anapika ugali na mlenda, anawasha koroboi saa tatu usiku akiwa hoi. Kwake kambi ni mara ya kwanza maishani kupata saa tatu za kusoma bila kuitwa. Akifaulu vizuri sana anaweza kuchaguliwa shule ya vipaji maalumu, kama Msalato iliyopo hapahapa Dodoma, na maisha ya ukoo mzima yakabadilika. Kumwambia asubiri hadi wote wapate ni kumwambia asipate.

Hao ndio wanaofaidika: watoto 40 au 50 kati ya 600. Wanaolipa kwa kawaida ni wazazi wao peke yao, kwa mahindi, godoro, fedha ya taa na posho ya walimu, na hapo asiye nacho hubaki nyumbani hata kama ndiye kichwa cha darasa. Ukame hauiui kambi kwa urahisi, kwa kuwa midomo ni michache na muda ni mfupi.

Walimu ndio ninaowaonea huruma hapa. Mwalimu hodari wa hesabu anapewa darasa la saba mchana na usiku, darasa la kwanza linaachiwa aliyebaki. Matokeo yake tunawapa kambi watoto ambao hawakufundishwa vizuri kusoma wakiwa na miaka saba, kisha tunajaribu kurekebisha miaka saba kwa wiki kumi. Hili ndilo linalonipunguzia imani na kambi.

Yapo mambo mawili ya kisera ya kuweka mezani. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa. Sababu ya kambi iliyokuwa "jina la shule yetu lisomwe" imepungua nguvu, na mimi naona ni vyema. La pili ni kubwa zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, iliyozinduliwa hapa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inataka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala mpya 2024 watafika la sita 2027. Mtihani wa mwisho wa msingi unaelekea kuacha kuwa ungo wa kuchekecha nani aende sekondari na nani arudi shamba. Kijiji kinachotaka kujenga bweni la kudumu kwa ajili ya kambi kijiulize bweni hilo litakuwa na kazi gani miaka kumi ijayo.

Na usalama hauna mjadala: matroni anayelala hapohapo, mlango wenye komeo, choo cha wasichana kilicho karibu na chenye taa, afisa elimu kata mwenye taarifa. Tena mjue kwamba mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo mtu asipendekeze kuwashusha wadogo kambini. Hapo malezi ya nyumbani yamewekwa mbele ya ufaulu, na mimi nakubaliana nayo.

Shule shikizi ng'ambo ya korongo

Shule shikizi ni madarasa machache yanayojengwa kitongojini yakiwa chini ya shule mama, kwa kawaida kwa ajili ya awali na madarasa ya chini. Mtoto akikua miguu anahamia shule mama.

Anayefaidika ni mtoto mdogo wa mbali, na hakuna mwingine. Kwa hiyo mkutanoni huwa na kura chache, maana wazazi wake nao wanatoka mbali, na wengi hawafiki mkutanoni. Ukitaka kujua uzito wa hoja yake, nenda usimame kwenye korongo mwezi wa Januari, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kiangazi ni mchanga mkavu, watoto wanavuka wakiimba. Siku hiyo ni maji mekundu yanayobeba magogo, na kundi la watoto wa miaka sita na saba wamekaa ukingoni, viatu mkononi, wanasubiri yapungue. Saa nne wakubwa wanavuka wameshikana mikono. Wadogo wanarudi nyumbani. Wengi hufanya hivyo msimu mzima, mwaka unaofuata wanaona aibu kurudia darasa, na ndivyo mtoto anavyopotea bila mtu yeyote kumfukuza.

Gharama ya mwanzo ni kubwa kuliko miradi yote: msingi, kuta, bati, vyoo. Uzuri wake ni kwamba ni ya mara moja, na ndiyo ambayo Serikali huwa tayari kuishika mkono. Kati ya madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Kijiji kikifyatua matofali, kikasomba mchanga na mawe na kufikisha jengo kwenye lenta, kinakuwa na hoja ya kupeleka halmashauri kupitia kwa diwani. Mahindi yakikauka, kuta hazikauki.

Udhaifu wake ni mwalimu. Jengo bila mwalimu ni kivuli cha mbuzi. Shikizi nyingi huanza na kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne, anayelipwa kwa michango, mwenye awali, la kwanza na la pili katika chumba kimoja. Anajitahidi, lakini historia ya UPE imeshatufundisha somo hili. Sharti ninaloliona la lazima ni kwamba mwalimu mwenye cheti kutoka shule mama apangiwe siku za kufundisha kule kila wiki, na msimu wa mvua alale kulekule. Mwalimu mkuu akisema hana wa kumtoa, mwaminini, na msianze kujenga kwanza.

Jambo ambalo sikuliweka

Wapo watakaouliza mbona sijataja Kiingereza, maana mjini sasa wazazi wengi wanahangaikia shule za mchepuo wa Kiingereza. Ni mvutano mzito. Sera ya 2014 ilikuwa imetamka Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, halikutekelezwa, na leo mtoto wetu bado anasoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama ukuta kidato cha kwanza. Linaniuma. Lakini haliamuliwi chini ya mbuyu, na saa tunazolipigia kelele kule ni saa ambazo makande, kambi na korongo havijadiliwi.

Kulingana na hali yenu

Anzeni na madaftari mawili: la mahudhurio na la wakazi wa kitongoji. Hesabuni watoto wa miaka sita hadi tisa kwa kitongoji, kisha tazameni wangapi wako kwenye daftari la shule. Kama kitongoji kimoja kina watoto zaidi ya 40 ambao hawajaandikishwa au hupotea kila masika, na mwalimu mkuu yuko tayari kutoa mwalimu, shikizi itangulie hata kama ina kura chache. Kama wako 10 au 15, ujenzi hauna maana. Tafuteni kivuko cha waenda kwa miguu, au ndugu wa upande wa shule wa kuwapokea watoto miezi ya mvua.

Kama watoto wameandikishwa wote lakini Januari madarasa yanakuwa nusu, tatizo ni njaa na kazi za nyumbani. Makande yanawafaa, hasa kijiji chenye mavuno ya wastani na mtu mwaminifu wa stoo. Mkiwa na kaya nyingi za walengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, msiwapangie madebe sawa na wenye ng'ombe. Pangeni kwa uwezo, na mpange hadharani.

Kama mahudhurio ni mazuri na watoto wanakula lakini hawafaulu, msikimbilie kambi. Tembeleeni darasa la pili, mpeni mtoto kitabu asome sentensi mbili. Akishindwa, mmepata mahali pa kupeleka mwalimu wenu hodari. Akisoma bila shida, na bado darasa la saba wanaanguka kwa sababu ya giza na kazi za nyumbani, kambi fupi ya wiki sita yenye usalama inatosha, mradi gharama ya wasio nacho ibebwe na kijiji kizima. Na kama hamna matroni, wasome jioni shuleni hadi saa kumi na mbili, warudi nyumbani kabla ya giza.

Na kijiji ambacho tayari kinapika, na mwaka huu mvua imekata mwezi wa pili, msirudi kwenye orodha ya tiki. Pikeni siku tatu kwa wiki badala ya tano, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, uji wa mtama kama mahindi hayapo, kwa kila mtoto aliyekuja na kikombe.